Wenye Watatu wa Shimo Moja: Ukinzani wa Masharti katika Usanifu wa Hifadhidata

Katika kata ya Segese, Halmashauri ya Msalala, mkoani Shinyanga, kama ilivyo katika sehemu nyingi za ukanda wa dhahabu unaotoka Kahama kuelekea Geita, shimo moja laweza kuwa na wenyewe watatu, na kila mmoja wao akawa mkweli anapojiita mwenyewe. Yuko mwenye shamba, aliyelima mpunga au mahindi juu ya ardhi ile kabla dhahabu haijaonekana. Yuko mwenye leseni, ambaye jina lake limeandikwa katika vitabu vya Serikali. Yuko pia mwenye duara, aliyetoa fedha za magogo, kamba, pampu na chakula cha wachimbaji hadi mwamba ukafikiwa. Mawe yanapotolewa na kujazwa katika mifuko, hesabu ya mgawo huwataja wote watatu, mbali na wachimbaji walioshuka chini. Hakuna anayechanganyikiwa. Wasemaji wanafahamiana, shimo liko mbele yao, na kila mmoja anajua ni "mwenye" yupi anayekusudiwa.

Matatizo huanza pale mazungumzo hayo yanapohamishiwa katika kompyuta. Kompyuta haioni shimo wala haijui historia ya shamba. Inajua tu kile ilichoandikiwa. Mtu anayesanifu hifadhidata ya wachimbaji hulazimika kuandika, kwa maneno machache na makavu, kanuni ambazo watu wa machimboni huzifuata bila kuzitamka: nani aweza kuwa na nini, kwa kiasi gani, pamoja na nani. Kanuni hizo ndizo masharti ya hifadhidata. Makala haya yanahusu hatua moja ya kazi hiyo ambayo aghalabu hurukwa, nayo ni kuyachunguza masharti yenyewe kwa yenyewe, ili kujua kama yanaweza kutimizwa yote kwa pamoja, kabla ya jina la kwanza kuingizwa. Kwa kawaida hatua hii huachiwa wataalamu wa mantiki na kompyuta. Inadaiwa hapa kwamba sehemu yake kubwa ni kazi ya lugha, na kwamba inaporukwa, anayeumia si msanifu bali ni mtu ambaye hakuwapo masharti yalipotungwa.

Msingi wa hifadhidata nyingi zinazotumika leo uliwekwa mwaka 1970, pale E. F. Codd wa kampuni ya IBM alipopendekeza kwamba data zipangwe katika majedwali, na kwamba mtumiaji aulize anachokitaka bila kulazimika kujua jinsi data hizo zilivyohifadhiwa ndani ya mashine. Ramani ya majedwali hayo pamoja na masharti yake huitwa skima. (Wapo wanaopendelea kusema kanzidata badala ya hifadhidata, hoja ya makala haya haibadiliki kwa kuchagua neno hili au lile.) Yapo masharti ya thamani, mathalani kwamba umri wa mwombaji usipungue miaka 18. Yapo ya upekee, kama vile namba ya leseni isirudiwe. Mengine huunganisha majedwali: leseni inayotajwa katika jedwali la maduara sharti iwepo katika jedwali la leseni. Mengine ni ya idadi, nayo husema jambo fulani liwe na mangapi ya jambo jingine.

Kwa uchimbaji mdogo wa Tanzania, sehemu ya masharti hayo hutoka katika Sheria ya Madini ya mwaka 2010. Leseni ya uchimbaji mdogo hutolewa kwa raia wa Tanzania tu. Ikiombwa na kampuni, wanahisa na wakurugenzi wake wote wawe raia. Muda wake ni miaka 7 na huweza kuhuishwa. Sehemu nyingine hutoka katika mikataba baina ya mwenye leseni na wenye maduara, nyingine katika vikao vya kijiji, na nyingine katika desturi ambazo hazijawahi kuandikwa popote. Kila chanzo kati ya hivyo kina akili yake. Hakuna kikao kinachotunga kanuni ya kipuuzi kwa makusudi. Ndiyo maana ukinzani ni mgumu kuonekana: haukai ndani ya sharti lolote moja, bali hukaa kati ya masharti, mahali ambapo hakuna mtu aliyeketi.

Uchukuliwe mfano mwepesi, ambao tarakimu zake ni za kubuni. Kikao cha kijiji kimeamua kwamba katika kila mifuko 10 ya mawe, mwenye shamba apewe isiyopungua 2. Mkataba wa mwenye leseni, ulioandikwa kwingine na mtu mwingine, unasema kwamba mwenye shamba asipewe zaidi ya mfuko 1. Msanifu amepokea karatasi zote mbili, naye kwa uaminifu ameandika masharti yote mawili katika skima. Itakuwaje? Haitakuwa lolote. Mifumo ya hifadhidata inayotumika maofisini hulinganisha kila mstari mpya wa data na masharti. Kwa kawaida hailinganishi sharti na sharti. Jedwali litaundwa bila kelele, na msanifu atakwenda zake akiamini kwamba kazi imekwisha.

Siku karani atakapoandika 2, mashine itakataa. Akiandika 1, itakataa. Akiandika 0, itakataa pia. Akiacha nafasi wazi, itakubali, isipokuwa kama msanifu alikumbuka kupiga marufuku nafasi wazi. Hili si hitilafu ya mashine. Katika lugha ya SQL, ambayo ndiyo lugha ya kawaida ya hifadhidata za aina hii, sharti la thamani huvunjwa pale tu jibu lake linapokuwa "si kweli". Jibu likiwa "haijulikani" sharti huhesabiwa kuwa halijavunjwa, na nafasi tupu hutoa jibu hilo hilo la "haijulikani". Kwa hiyo karani atajifunza upesi kwamba kuna swali moja ambalo mashine huridhika lisipojibiwa. Baada ya msimu mmoja rejesta itakuwa imejaa majina ya wenye leseni, wenye maduara na idadi ya mifuko yao, na safu ya mwenye shamba itakuwa nyeupe kuanzia juu hadi chini. Atakayeisoma taarifa hiyo akiwa Dodoma au Dar es Salaam hataona ukinzani. Ataona kwamba wenye mashamba hawakupewa kitu, au kwamba hawakuwapo.

Hapa ndipo lilipo jambo zito la suala hili. Ukinzani katika masharti haupigi kelele. Hugeuka kuwa ukimya, au hugeuka kuwa uongo mdogo wa karani anayetaka kumaliza kazi yake kabla ya jua kutua: tarehe ya kubuni, sifuri isiyo sifuri, jina la mtu mmoja kuwekwa mahali pa mwingine. Data za namna hiyo zikishaingia, haziwezi kutofautishwa na data za kweli.

Kuna sababu ya pili inayofanya ukinzani ujifiche. Masharti mengi huanza na neno "kila", na sentensi ya "kila" ni kweli daima inapohusu kitu kisichokuwapo. Akisema mtu kwamba kila tembo wa Segese ana leseni ya uchimbaji, hawezi kukanushwa hadi apatikane tembo. Vivyo hivyo hifadhidata tupu hutii masharti yote ya "kila", hata yale yanayopigana vikali. Jaribio la msanifu la kuyaendesha majedwali yakiwa matupu halithibitishi lolote. Swali la kuuliza si kama masharti yanatiiwa. Ni kama yanaweza kutiiwa huku machimbo yakiwa na walau duara moja.

Mfano unaofuata unastahili kufuatwa kwa kalamu na karatasi. Masharti ni manne. La kwanza: kila duara liwe na wasimamizi wawili kamili, mmoja wa mchana na mmoja wa usiku. La pili: msimamizi asisimamie zaidi ya duara moja. La tatu: kila msimamizi awe mwenye duara, ili awe na uchungu nalo. La nne: kila duara liwe na mwenye duara mmoja tu, ili ugomvi usizuke. Kila sharti laweza kutetewa mbele ya kikao chochote na kupigiwa makofi. Sasa hesabu ifanywe. Kwa masharti mawili ya mwanzo, idadi ya wasimamizi ni mara mbili ya idadi ya maduara. Kwa sharti la tatu, wasimamizi hawawezi kuzidi wenye maduara. Kwa la nne, wenye maduara hawawezi kuzidi maduara. Kwa hiyo maduara mara mbili hayazidi maduara. Idadi pekee inayokubali jambo hilo ni sifuri. Masharti manne ya busara yameyafunga machimbo yote, na hakuna hata moja linalotamka neno kufunga.

Njia hii ya kugeuza masharti ya idadi kuwa milinganyo isiyo sawa, kisha kuangalia kama ina jibu lililo kubwa kuliko sifuri, ilichunguzwa kwa kina na Maurizio Lenzerini na Paolo Nobili wa Italia mwaka 1987. Uzuri wake ni kwamba haihitaji data yoyote. Huhitaji tu mtu aliye tayari kuyasoma masharti yote kwa pamoja.

Msomaji mwangalifu ataona kwamba hitimisho la sifuri lilitegemea jambo ambalo halikutajwa, nalo ni kwamba idadi ya maduara ina mwisho. Kama maduara yangekuwa hayana mwisho, mara mbili yake ingekuwa sawa na yenyewe, na masharti yote manne yangetimia. Hili si mchezo wa wanahisabati. Linaonyesha kwamba kwa hifadhidata haitoshi masharti yasipingane kimantiki. Ni lazima yaweze kutimizwa na ulimwengu wenye mwisho, kwa kuwa hakuna rejesta isiyo na ukurasa wa mwisho. Mfano ulio karibu zaidi na maisha ya Usukuma ni ule wa sungusungu, ulinzi wa jadi ulioenea Shinyanga na mikoa jirani tangu mwanzoni mwa miaka ya 1980. Tuseme rejesta ya walinzi inataka kila mlinzi awe chini ya mlinzi mwingine aliyeandikwa humo humo. Inasema pia kwamba aliye chini ya mtu yuko chini ya mkubwa wa mtu huyo. Na kwamba hakuna anayeweza kuwa chini ya nafsi yake. Karani ataandika askari, kisha kamanda wake, kisha mtemi wao. Je, mtemi yuko chini ya nani? Akiwekwa chini ya kamanda, atakuwa chini ya nafsi yake kwa mzunguko. Akiwekewa mkubwa mpya, mkubwa huyo naye atadai mkubwa. Orodha itapanda juu bila kikomo. Katika ulimwengu usio na mwisho masharti haya ni salama kabisa. Katika daftari la kijiji hayawezi kutiiwa na mtu hata mmoja.

Suala hili liliwekewa msingi wa kimantiki na François Bry na Rainer Manthey katika mkutano wa kimataifa wa wataalamu wa hifadhidata uliofanyika Kyoto, Japani, mwaka 1986. Walisisitiza kwamba uthabiti wa masharti ni swali tofauti na utiifu wa data, na kwamba swali hilo lafaa kuulizwa wakati wa usanifu. Njia inayotokana na mtazamo huo yaweza kuelezwa bila alama za mantiki. Mtu mmoja wa kubuni huandikwa katika jedwali. Kisha huulizwa ni sharti gani sasa halijatimia, na kile linachodai huongezwa: mchimbaji anadai duara, duara linadai leseni, leseni inadai raia mwenye umri wa kutosha. Penye njia mbili za kutimiza sharti, hujaribiwa ya kwanza, na ikigonga mwamba hurudiwa ya pili. Mambo matatu yaweza kutokea. Huenda madai yakaisha na kubaki kijiji kidogo cha kubuni kinachotii kila kitu. Hapo masharti yamethibitishwa kuwa yanawezekana. Huenda njia zote zikagonga mwamba. Hapo ukinzani umethibitishwa. Huenda pia madai yasiishe, kama ilivyo kwa mtemi na mkubwa wake.

La tatu ndilo linalotia unyenyekevu. Alonzo Church na Alan Turing walionyesha mwaka 1936, kila mmoja kwa njia yake, kwamba haiwezekani kupatikana utaratibu mmoja wa kimashine utakaoamua kila swali la aina hii katika mantiki ya kawaida. Mwaka 1950 Boris Trakhtenbrot alithibitisha kwamba hali ni hiyo hiyo hata swali linapofungwa katika ulimwengu wenye mwisho: kijiji cha kubuni kikiwapo, utafutaji wa subira utakipata, kisipokuwapo, huenda utafutaji usijue lini uache. Lakini hili lisiwe kisingizio. Masharti ya rejesta ya kata hayana utata wa kiasi hicho, na wanaokwepa kuyachunguza kwa kumtaja Turing hufanana na mtu anayekataa kupima kina cha kisima chake kwa sababu bahari haipimiki kwa kamba.

Yafaa pia kutenganisha ukinzani na mkwamo wa utaratibu. Skima ikidai kila leseni iwe na walau duara moja, na kila duara liwe na leseni, hakuna linaloweza kuingizwa kwanza. Masharti hayo hayapingani. Yanataka tu kuingia mlangoni kwa pamoja. Kiwango cha SQL cha mwaka 1992 kilitoa ruhusa ya kuahirisha ukaguzi hadi mwisho wa kazi, na tatizo likaisha. Ukinzani wa kweli hautibiki kwa kuahirisha.

Sasa turejeshwe lugha, kwa kuwa ndipo masharti mengi yanapoharibika kabla hata ya kufika kwenye kompyuta. Mwenyekiti wa kikao akisema, "Kila mchimbaji ana leseni moja," amesema mambo mangapi? Yamkini anakusudia kwamba kila mmoja ana leseni yake, isiyopungua moja. Yamkini anakusudia moja tu, isizidi. Yamkini anakusudia leseni ile ile, inayowafunika wote kama mwavuli, na machimboni maana hii ya tatu ndiyo iliyo ya kawaida zaidi, kwa kuwa watu wengi huchimba chini ya leseni ya mtu mmoja. Neno "moja" la Kiswahili hubeba maana zote tatu bila kulalamika. Mkazo wa sauti na mazingira ndivyo vinavyochagua. Skima haina sauti. Msanifu aliyechukua maana ya pili, akaongeza upekee wa namba ya leseni katika jedwali la wachimbaji, amewafuta kwa kalamu moja wachimbaji wote isipokuwa mmoja kwa kila leseni.

Hali kadhalika kauli "Wachimbaji wote hawana leseni". Kuna anayeisema akikusudia kwamba hakuna hata mmoja aliye nayo, na kuna anayekusudia kwamba si wote walio nayo. Ikiwekwa pamoja na sharti kwamba kila duara liwe na mchimbaji mmoja mwenye leseni, maana ya kwanza inayafuta maduara yote na maana ya pili haidhuru chochote. Sarufi za shule hushauri kusema "si wote", na ushauri huo ni mzuri, lakini mzungumzaji wa Segese, Kariakoo au Pangani hatangoji ushauri kabla ya kusema. Mwenye wajibu wa kuuliza ni anayeandika.

Hata hivyo neno lenye hatari kuliko yote ni lile lililoanza makala haya. Kivumishi "-enye" hakidai milki ya kisheria. Kinadai uhusiano tu. Mwenye nyumba aweza kuwa ameijenga au ameipangisha, mwenye njaa haimiliki njaa yake, na mwenyekiti hachukui kiti aendapo nyumbani. Upana huu ni utajiri wa lugha. Msanifu anayeunda safu moja yenye kichwa "Mwenye", kisha akaweka sharti la kawaida kabisa kwamba kila mahali pawe na mwenye mmoja, ametengeneza ukinzani kutokana na sentensi tatu ambazo zote zilikuwa kweli. Wenye watatu wanapigania nafasi moja, na atakayeipata ni yule aliyefika kwanza kwa karani au aliye na karatasi yenye muhuri.

Inavutia kuona kwamba watunga sheria waliwahi kukabili tatizo hili hili. Sheria ya Ardhi, Namba 4 ya mwaka 1999, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka huo huo, zinampa mwanakijiji haki juu ya ardhi yake. Sheria za madini kwa upande wao zinayaweka madini yote mikononi mwa Jamhuri, nayo ndiyo hutoa leseni. Lau neno "ardhi" lingechukuliwa kwa maana yake ya kila siku, uso pamoja na vyote vilivyo chini yake, sheria hizo zingegongana kila palipo na dhahabu. Sheria ya Ardhi iliepuka mgongano huo katika tafsiri ya neno: ardhi ni uso wa nchi na vilivyo chini yake, isipokuwa madini na mafuta. Maneno machache ya "isipokuwa" yaligawa kitu kimoja kuwa viwili. Hicho ndicho anachopaswa kufanya msanifu: kuligawa jedwali la "mwenye" kuwa uhusiano mitatu, wa shamba, wa leseni na wa duara, kila mmoja na masharti yake. Ukinzani wa kwenye karatasi utakuwa umeondoka. Ukinzani wa shambani, ambapo hakuna awezaye kulifikia jiwe bila kuukanyaga mpunga, utabaki, lakini sasa utaweza kuandikwa.

Kuna aina moja ya ukinzani inayotokana na kusahau wakati. Sharti kwamba kila wilaya iwe katika mkoa mmoja linaonekana kuwa halina dosari. Lakini Geita ilikuwa wilaya ya Mkoa wa Mwanza, na Bukombe ilikuwa ya Shinyanga, hadi ulipoanzishwa Mkoa wa Geita mwaka 2012. Rejesta inayochanganya leseni za kabla na baada ya mwaka huo, bila safu ya tarehe katika uhusiano wa wilaya na mkoa, itaziona wilaya hizo zikiwa katika mikoa miwili na kuzikataa. Isitoshe, neno "mkoa" lenyewe lina maana mbili katika shughuli za madini. Tume ya Madini, iliyotokana na marekebisho ya sheria ya mwaka 2017, hugawa nchi katika mikoa ya kimadini, na Kahama ni mkoa wa kimadini ilhali kiutawala ni wilaya ya Mkoa wa Shinyanga. Msanifu aliyeandika kwamba kila mkoa wa kimadini lazima uwemo katika orodha ya mikoa ya nchi ameiondoa Kahama katika rejesta ya dhahabu kwa sababu ya neno moja.

Lakini itakuwa si haki kumaliza suala hili kana kwamba uthabiti wa masharti ni wema mtupu. Skima isiyo na ukinzani yaweza kupatikana kwa njia iliyo nyepesi mno, nayo ni kutokuwa na jedwali la watu fulani. Si mbali na Segese iko Bulyanhulu. Wachimbaji wadogo walikuwa wakichimba huko kabla ya mwaka 1994, ambapo kampuni ya Kahama Mining Corporation, tanzu ya Sutton Resources ya Kanada, ilipewa leseni juu ya eneo hilo. Agosti 1996 wachimbaji wadogo waliondolewa, Sutton ikanunuliwa na Barrick mwaka 1999, na mgodi mkubwa ukaanza uzalishaji mwaka 2001. Yaliyotokea wakati wa kuondolewa yamebishaniwa kwa miaka mingi, na si kazi ya makala haya kuyaamua. Linalohusu hapa ni kwamba katika rejesta ya leseni yenye sharti kuwa haki mbili za madini zisilalie eneo moja, tukio zima lisingeonyesha ukinzani wowote. Leseni ilikuwa moja. Waliokuwa na madai mengine hawakuwa na mstari wa kuandikwa, na asiyeandikwa hapingani na mtu. Kwa hiyo mchunguzi wa masharti anapopata jibu kwamba yote yanawezekana kwa pamoja, kuna swali la pili analopaswa kuliuliza: yanawezekana kwa akina nani?

Mantiki haimsaidii katika jambo jingine pia. Yaweza kumwonyesha kwamba masharti manne ya wasimamizi hayakai pamoja. Haiwezi kumwambia lipi liondoke. Hilo ni la wenyeji, na kila chaguo lina bei yake, ambayo mtu wa machimboni ataiona kwa haraka kuliko mtu wa kompyuta. Sharti la kwanza likilegezwa, duara libaki na msimamizi mmoja, zamu ya usiku haitakuwa na jicho, na usiku ndipo mifuko hupungua. La pili likilegezwa, mtu mmoja asimamie maduara mawili, hesabu itakubali, lakini kila mwenye duara ataijua mifuko ya jirani yake, na si wote watakaopenda. La tatu likiondolewa, msimamizi aweza kuwa mtu wa kuajiriwa, na papo hapo patazuka swali la ujira wake utoke katika fungu la nani: la leseni, la duara, au la waliochimba. La nne likiondolewa, duara litaruhusiwa kuwa na wenye duara wawili, fungu lao litagawanywa nusu kwa nusu, na shimo lililokuwa na wenyewe watatu litakuwa limepata wa nne.